Kahawa Iliyouliza Maswali

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, Kokushubira alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko na kumenya ndizi. Alimenya kumi na nane: kumi na mbili za kwake na binti yake, sita za mama mkwe. Maganda aliyatupa upande wa kulia, na binti yake Adelgunda, mtoto wa miaka saba, aliyaokota na kumpelekea mbuzi. Ndizi zilizomenywa ziliingia kwenye chungu cha maji kilichokaa juu ya gogo, zisije zikawa nyeusi. Muda wa kazi hiyo ulimtosha Adelgunda kuuliza maswali ishirini hivi. Kokushubira alijibu matatu au manne. Mengine aliyaitikia kwa kuguna.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na nne, chungu kilianguka kutoka juu ya gogo, kikatua kwenye mguu wa Adelgunda.

Kokushubira aliacha kisu akangoja kilio. Mtoto alifungua kinywa mpaka meno ya nyuma yakaonekana, machozi yakamtoka, lakini sauti haikutoka. Mguu wake ulikuwa umelala chini kama jani la boga lililokanyagwa na ng'ombe. Ulikaa hivyo kwa muda wa Salamu Maria moja, kisha ukajaa tena, kuanzia kisigino mpaka vidole, ukawa mguu. Adelgunda akafunga kinywa, akapangusa macho, akaendelea kuokota maganda.

Kokushubira aliziokota ndizi, akaziosha, akaziweka kwenye sufuria kwa kuwa chungu kilikuwa kimevunjika. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuwa amesikia swali hata moja tangu Jumapili. Alikumbuka pia kwamba siku hizo mbili alikuwa amemenya ndizi kwa raha. Kule barabarani chuma cha ghala kiligongwa mara tatu, naye akajua amechelewa.

Ghala lilikuwa la Methodius, mfanyabiashara kutoka Muleba, mtu mpole aliyevaa koti hata kwenye jua kali. Alinunua kahawa yote ya Kituntu, kijiji chao, na nyingine kutoka Nyakasimbi. Wanawake walimfanyia kazi msimu mzima: kuanika, kugeuza kila jua linaposogea, kuchambua mawe na vijiti, kushona magunia. Alikuwa na amri moja tu, na aliirudia kila asubuhi akiwa amesimama mlangoni.

"Kahawa inanywa kila kitu," alisema. "Ukiiweka karibu na dagaa, mzungu kule ng'ambo atakunywa dagaa. Ukiiweka na mafuta ya taa, atakunywa mafuta ya taa. Humu ndani sitaki harufu ya kitu chochote."

Kwa hiyo hakuna aliyeingia na samaki, wala sabuni, wala kiko. Mbuzi aliyechungulia alifukuzwa.

Tatizo lilikuwa watoto. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa Buganda, wakilima mashamba ya watu. Kaijage, mume wa Kokushubira, alikuwa huko kwa mwaka wa pili. Bibi hawakuwa na miguu ya kuwakimbiza watoto. Basi wanawake walikuja nao, na watoto walikimbia juu ya mikeka iliyoanikwa, wakatia mawe kwenye kahawa iliyokwisha chambuliwa, wakaanguka, wakalia, wakaita mama. Siku moja, mwanzoni mwa msimu huo, Adelgunda alimfuata Methodius kutoka mkeka wa kwanza mpaka wa mwisho akimuuliza kwa nini amevaa koti, kama Muleba kuna baridi, kama koti ni la marehemu. Mwishoni alikumba kikapu, kahawa ikamwagika kwenye vumbi.

Kokushubira aliona haya. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume, lakini siku hiyo alisema, akiwa ameinama anaokota.

"Bwana Methodius, utusamehe. Laiti kungekuwa na kitu cha kuwanyamazisha watoto hawa."

Methodius alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa ushauri mzuri. Baada ya wiki mbili alirudi kutoka Bukoba na mashine ya picha.

Ilikuwa mashine ndogo yenye mpini wa kuzungusha, na taa yake ilikuwa karabai. Kwa sababu ya mafuta ya taa haikuruhusiwa kuingia ghalani. Iliwekwa barazani, na tundu likatobolewa ukutani ili mwanga upite. Ndani, madirisha yalizibwa kwa magunia, na shuka jeupe likatundikwa mbele ya kahawa iliyopangwa mpaka darini. Watoto walikalishwa chini, migongo yao ikiegemea magunia, mlango ukafungwa. Nje kulikuwa mchana, ndani kulikuwa usiku.

Kuzungusha mpini kulikuwa kazi ya Ta Byabato, mzee mlinzi, ambaye hakuwahi kuingia kutazama kilichokuwa kwenye shuka.

"Mimi nazungusha," alisema. "Wanaona nini, watajua wenyewe."

Waliona mtu mwembamba aliyechorwa kwa wino, mwenye kofia ndefu, akimfukuza kuku. Hakuwa na sauti, kwani mashine haikuwa na sauti. Alianguka kutoka kwenye ngazi akawa bapa kama mkeka, akajikunja, akajikunjua, akainuka. Aliangukiwa na nyumba. Alipitiwa na gari la moshi. Alipigwa na radi akabaki kofia tupu, na kutoka kwenye kofia akaota tena, miguu kwanza. Alipasua kinywa kwa kilio, na kilio hakikusikika. Watoto walimwita Ta Wino, yaani Mzee Wino. Mkanda ulikuwa mmoja. Ulipoisha, Byabato aliuanza upya, na hivyo mpaka jua lilipoondoka kwenye mikeka.

Siku za kwanza kicheko cha watoto kilisikika mpaka barabarani, na wanawake waliokuwa wakigeuza kahawa walicheka pia bila kujua wanachekea nini. Mikono ilikuwa miepesi. Anatolia, jirani yake Kokushubira, aliyekuwa na mwana wa miaka sita aitwaye Egbert na mimba ya miezi mitatu, alikaa kwenye kivuli akanyoosha miguu.

"Mama Adelgunda," alisema, "huyu Ta Wino angekuwa mtu, ningeolewa naye. Amenisaidia kulea kuliko Yustus."

"Mumeo atakusikia," alisema Kokushubira.

"Asikie. Yuko kwenye pombe ya rubisi tangu juzi. Ta Wino angalau anaanguka akainuka."

Kicheko cha watoto kilipungua kidogo kidogo. Kwanza kilisikika kana kwamba kinatoka kibanja cha pili, kisha kibanja cha tatu, kisha ng'ambo ya bonde. Kilipokwisha kabisa hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kimya kilikuwa kizuri na kahawa ilikuwa nyingi. Baada ya kicheko kikaondoka kilio, na baada ya kilio, maneno. Watoto walisogeza midomo na mikono, nao walielewana wenyewe kwa wenyewe. Waliacha pia kupepesa macho. Chakula walikigusa kwa kidole wakakisukuma. Walikonda hata ukimtazama mmoja kwa ubavu ilikulazimu kumtazama mara ya pili, na siku za upepo mama zao waliwashonea maharage kwenye pindo za nguo wasichukuliwe.

Kitu kimoja kiliwapendeza watu wote: hawakuumia. Mtoto wa kaka yake Yustus alidondoka kutoka kwenye mpera, akawa bapa, akainuka, akakung'uta kofia ambayo hakuwa nayo.

Anatolia na Kokushubira waliwapeleka wa kwao kwenye zahanati, mwendo wa nusu siku. Mganga msaidizi, Projest, aliwafungua vinywa kwa mpini wa kijiko, akachungulia huku amefumba jicho moja.

"Koo safi," alisema. "La huyu ni safi kuliko langu."

"Na sauti iko wapi?" aliuliza Anatolia.

"Mimi natibu koo, mama. Sauti sina dawa yake." Aliwavuta watoto kope, akawapima mikono kwa vidole viwili. "Hawalali vizuri hawa. Wanakaa gizani mno. Watoeni juani wakimbie, wachafuke, watapata njaa."

"Wakimbilie wapi? Juani kuna kahawa."

Projest alifikiri. Baba yake naye alikuwa na kahawa. Akawapa mafuta ya samaki, kijiko kimoja asubuhi, akawaomba wasiyapitishe karibu na ghala.

Mama mkwe wa Kokushubira, Ma Kokwijuka, hakufurahishwa na mafuta ya samaki. Aliletewa ndizi zake sita, akala huku akimtazama mjukuu aliyekaa kimya kwenye nyasi za sakafuni.

"Zamani mtoto akinyamaza siku mbili, tulichinja mbuzi," alisema. "Ninyi mnasema amepata adabu."

"Watarudi kusema, Mama. Msimu ukiisha."

"Msimu wa nini? Wa kahawa au wa mtoto?"

Kokushubira aliguna.

Kuna sauti moja ambayo kila mtu wa Karagwe alifundishwa kabla hajajua kufunga nguo yake mwenyewe, nayo ni enduru. Mtu akivamiwa, akiunguliwa, akizama, hupiga enduru, na kila aliyeisikia huacha alichoshika na kukimbilia inakotoka. Asiyekimbia hasalimiwi tena. Hakuna anayeuliza kwanza ni nani anayelia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya misa, enduru ilisikika kutoka ghalani.

Kokushubira alikuwa njiani kurudi nyumbani. Alikimbia kama wengine. Wanaume walikuja na mapanga na marungu, wanawake na michi, katekista Rwezaura na kanzu yake ya kanisani ameikusanya kiunoni. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli. Ta Byabato alikuja na ufunguo, akafungua. Ndani hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limening'inia, na nyuma yake magunia yalikuwa yamepangwa safi. Sauti ilitoka kwenye safu ya tatu, gunia la pili kutoka chini.

Ilikuwa sauti ya Egbert. Ilipiga enduru mara ya pili, ikamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani, "Mawe! Mawe, maji!"

"Yuko chini ya magunia!" alipiga kelele Anatolia, na tumbo lake kubwa, akaanza kuyavuta kwa kucha.

Wanaume kumi na wanane waliyahamisha magunia. Waliyainua moja moja na kuyaweka chini taratibu, ili mtoto asibanwe. Wote walikuwa kimya wakisikiliza. Wakati huo Adelgunda aliingia mbio, nguo imelowa mpaka magotini, akamshika mama yake gauni akalivuta. Midomo yake ilikwenda haraka haraka. Alionyesha mkono upande wa bondeni, akavuta tena.

Kokushubira alimbandua mkono.

"Nyamaza," alisema. "Tunasikiliza."

Adelgunda akanyamaza, yaani akafunga mdomo.

Gunia lilipiga enduru mara ya tatu, ndogo, kisha likawa gunia. Walilifikia, wakalifungua, wakakuta kahawa. Chini yake palikuwa na sakafu. Ndipo Rwezaura alipowaona watoto wengine wamesimama mlangoni, wote wamelowa, wote wanaonyesha upande mmoja.

Egbert alikuwa kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Ta Wino alikuwa ameanguka kwenye kila kitu isipokuwa maji.

Egbert alizikwa Jumatatu kwenye kibanja cha baba yake. Watoto wa ghala walisimama kulizunguka kaburi, bila machozi, wamekaza macho kwenye udongo kama walivyozoea kuyakaza kwenye shuka kila Ta Wino alipokuwa chini ya nyumba. Sala ilikwisha, watu wakanawa mikono, watoto hawakuondoka. Mama zao waliwavuta. Kesho yake walirudi wenyewe, na kesho kutwa. Siku ya nne wengine walichoka, akabaki Adelgunda peke yake. Alikuwa ameleta kofia aliyoifuma kwa majani makavu ya mgomba, akaiweka juu ya udongo, akangoja. Jua lilipozama alimgeukia mama yake aliyekuja kumchukua, akamtazama kwa uso wa mtu anayeuliza. Kokushubira hakuguna. Alimbeba, na hakuwa na uzito kuzidi ule wa maharage yaliyokuwa kwenye pindo.

Wiki ile Rwezaura aliitisha kikao mbele ya ghala. Sasa kila mtu alikuwa amesikia. Ukiweka sikio kwenye gunia hili ulisikia kicheko, kwenye lile kilio, kwenye jingine mtoto anahesabu mpaka kumi na kuruka saba. Ta Byabato alisimama akiwa ameshika kofia yake.

"Bwana Methodius alisema kila siku," alianza. "Kahawa inanywa kila kitu. Tukatoa dagaa, tukatoa sabuni. Mashine tukaiweka nje. Watoto tukawaweka ndani." Alitafuta neno jingine, hakulipata. "Mimi nilizungusha tu."

"Basi tuyafungue magunia," alisema Rwezaura.

Methodius alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemletea Anatolia sanda na sukari kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "nikiyafungua, sauti zitakwenda wapi? Zitatawanyika hewani. Afadhali zikae pamoja. Halafu gunia likifunguliwa, kahawa inarudi kwenye mkeka, na mvua hizo hapo." Alionyesha mawingu juu ya vilima vya Nyakakika. Watu wakatazama mawingu. Yalikuwa pale kweli.

"Ni nani aliyesema watoto wanyamazishwe?" aliuliza Rwezaura.

Methodius alifungua mdomo, akamtazama Kokushubira aliyekuwa ameinama nyuma ya wenzake, akaufunga tena. "Nilifikiri itasaidia," alisema.

Anatolia alikuwa amekaa chini, mgongo wake umeegemea gunia la safu ya tatu. Gunia halikusema neno. Yustus alimsaidia kuinuka. Kikao kikaisha, wanawake wakarudi kwenye sindano za kushonea magunia.

Lori lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Lilipakiwa mpaka juu, likaondoka likicheka, likilia, likiimba wimbo wa kuchunga ndama. Dereva, mtu wa Bukoba, alilalamika tu kwamba kwa kelele zile hataweza kusinzia njiani utingo akishika usukani. Watu walitoka vibanjani kulitazama. Wengine walipunga mkono.

Kokushubira alilifuata kwa miguu. Gunia la sauti ya Adelgunda lilikuwa nyuma kabisa, upande wa kushoto, na lilikuwa linauliza kila kitu kwa mpangilio wa siku zilivyokwenda. Mama, kwa nini mwezi unatufuata sisi peke yetu? Mama, mbuzi anajua jina lake? Mama, baba akirudi atanitambua, au nimwambie mimi ni nani? Mama, ndizi zinaumia zikimenywa? Alikuwa hajui kwamba ni mengi kiasi kile. Mengi aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Kwenye mlima lori lilipandisha joto, likasimama. Dereva alishuka, akafungua boneti, akangoja mvuke upungue, akatia maji. Ilichukua muda mrefu. Mtu angeweza kushusha gunia, akalifungua, akalimwaga lote kwenye kanga na kulifunga tena. Kokushubira alisimama ameweka kiganja kwenye gunia. Lilikuwa na joto la mtoto aliyelala.

Dereva alimaliza, akamwona.

"Unataka nini, mama?"

Alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno fupi. Lakini lingemlazimu aseme na jingine, na baada ya hilo jingine tena, mpaka afike kwenye yale aliyoyasema akiwa ameinama juu ya kahawa iliyomwagika, na yale aliyoyasema ghalani Jumapili ile.

"Safari njema," alisema.

Lori liliondoka. Kwenye kona ya gunia mshono ulikuwa umelegea, na punje moja ya kahawa ikadondoka barabarani. Aliiokota, akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Nyumbani aliitia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, kile cha kahawa ya kuwapa wageni watafune. Punje haikuwa na nafasi ya maswali mengi. Ilikuwa na moja tu, na iliuliza kila asubuhi kigoda kilipowekwa mlangoni pa jiko.

"Mama, umenichoka?"

Kokushubira alimenya ndizi kumi na nane. Adelgunda aliokota maganda. Mwezi wa kumi na moja senene walikuja, na watoto waliwakamata kimya kimya, wakawabana midomoni bila kuwala. Krismasi ikapita. Anatolia alizaa mtoto wa kike, akamwita Eugenia, na Eugenia alilia kwa sauti ambayo watu walisimama njiani kuisikiliza. Barua ilitoka Buganda: Kaijage aliuliza kama binti yake bado anaongea kama kasuku, akasema anaisikia sauti yake usingizini. Kokushubira alimwomba Rwezaura amjibu kwamba wote ni wazima.

Mwezi wa tatu Ma Kokwijuka alikuja mwenyewe akijikongoja na fimbo. Alikaribishwa, akapewa kikapu, akachukua punje, akaitia mdomoni. Akaitoa.

"Hii inaongea," alisema.

"Samahani, Mama. Chukua nyingine."

Mama mkwe aliigeuza punje kwenye kiganja, akaisikiliza mpaka mwisho, ingawa swali lilikuwa fupi. Kisha akaipangusa kwa kanga yake, akairudisha kikapuni.

"Tangu lini inauliza?"

"Tangu mwezi wa tisa."

"Na wewe unaguna," alisema Ma Kokwijuka.

Msimu mpya ulifunguliwa Jumatatu. Methodius alikuwa amerudi kutoka Bukoba na mkanda wa pili. Ilisemekana huu ulikuwa na maji pia, na Ta Wino alizama akainuka. Alikuwa amewaletea watoto mkeka wa kukalia. Magunia yalikuwa yamehamishiwa ukuta wa pili, hatua sita kutoka walikokaa watoto, na kila mtu aliona kwamba ametumia busara. Ta Byabato alikuwa ameutia mpini mafuta, nje.

Kokushubira alikuwa ameshamenya ndizi tano wakati Anatolia alipopita njiani. Eugenia alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, analia. Anatolia alisimama kwenye ua.

"Shikamoo kwa Ma Kokwijuka ukipeleka ndizi," alisema. "Nimechelewa."

"Unakwenda na mtoto?"

"Nimwache na nani?"

Kokushubira aliweka kisu magotini. Mikono yake ilikuwa imenata utomvu.

"Mama Egbert," alisema. "Siku ile, Adelgunda alikuja kuniita. Alinivuta gauni. Nilimwambia anyamaze."

Anatolia alimpiga Eugenia mgongoni taratibu, pap, pap, mpaka kilio kikawa kwikwi.

"Nilimwona," alisema. "Nilimwona anavyokuvuta. Na mimi nilikuwa nasikiliza gunia."

Walitazamana. Chuma cha ghala kiligongwa mara ya kwanza. Anatolia akakaza fundo la kanga, akaenda zake, na kwa muda kilio cha Eugenia kilisikika kati ya migomba, kibanja cha pili, kibanja cha tatu.

Chuma kiligongwa mara ya pili. Adelgunda alikuwa amekaa upande wa kulia, amekwisha vaa gauni lenye maharage kwenye pindo, anaokota maganda. Hakupepesa macho. Ndani, kwenye kikapu, punje iliuliza.

"Mama, umenichoka?"

Kokushubira alichukua ndizi ya sita. Akaiweka chini bila kuimenya. Alimshika binti yake mashavu kwa mikono yake ya utomvu, akamgeuza uso, akasema kwa sauti ambayo ingeweza kusikika mpaka barabarani, kama kungekuwa na mtu barabarani.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Si wewe, kazi ndiyo ilinichosha. Nilitaka unyamaze mpaka ndizi ziive tu."